Ngazi ya Mlenda

Sijawahi kujenga nyumba. Watu wakisikia nimekuwa fundi ujenzi miaka thelathini na kitu hapa Dodoma huuliza nyumba zangu ziko wapi, nami huwajibu sina hata moja, nina ngazi tu. Wenzangu waliinua kuta, wengine wakapaua, mimi nikatengeneza kile kinachowapandisha watu juu na kuwarudisha chini wakiwa wazima. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Walisema kweli, ila hawakueleza anashuka kwa njia gani, na hapo ndipo penye kazi yangu.

Vijana niliowaacha saiti wameniomba niandike. Nadhani wamechoka kunisikia nikisimulia huku wao wanachanganya zege, wakaona heri niweke kwenye karatasi, wasome wakipenda na wafunge wakichoka. Haya. Sitawaambia nililipwa nini, maana mtacheka, wala nani alinipandisha cheo, maana hayupo. Nitawaambia habari za vidato, yaani pale mguu unapokanyaga, na kile unachopaswa kukiweka pale usije ukaitwa muuaji.

Nilifika mjini kutoka kijijini kwetu na suruali moja na kiherehere kingi. Nikapelekwa kwa Mzee Salimu, fundi wa terazo, mtu wa Kondoa, mwenye kofia nyeupe ya kufuma kichwani hata akiwa amechuchumaa kwenye saruji. Kofia ile haikuwahi kuingia doa, na mpaka leo sijui alifanyaje. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama miguu. Uso hakuuangalia kabisa.

"Vua viatu," akasema.

Nikavua. Tulikuwa kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa moja iliyokuwa ikikarabatiwa. Akanionyesha ngazi.

"Fumba macho, panda, shuka. Humu kuna kidato kimoja mwongo. Nitafutie."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa kumkaribisha mgeni. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena, mafundi wengine wanapita na ndoo na kunicheka. Jua lilikuwa linakaribia utosini nilipohisi mguu umegonga kitu kabla haujajiandaa. Nikafumbua macho. Kidato cha saba kilikuwa kimewazidi wenzake kimo kwa unene wa kidole kimoja, basi.

"Umekipata," Mzee Salimu akasema. "Mguu ukishapanda viwili vya kwanza unajua cha tatu kiko wapi. Hauulizi tena. Ukiudanganya, wallahi, hautakusamehe."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya siku ya kwanza. Sikushika mwiko wala sepetu. Nililala nyonga zinauma, na nilijua jambo moja ambalo wahandisi wengine niliokutana nao baadaye hawakulijua.

Mzee Salimu alikuwa na maswali matatu kabla hajachagua cha kuweka kwenye kidato, na aliyauliza kwa tajiri na kwa maskini bila kubadilisha sauti. Nani atapanda hapa? Atakuwa amevaa nini mguuni? Na nani anapiga deki?

Mara ya kwanza kulisikia lile la tatu nilicheka, akanitazama mpaka kicheko kikanirudi kooni. Baadaye nikaelewa. Sisi kwetu mtu anavua viatu mlangoni. Anapanda peku, au na soksi, au na malapa ya chooni. Na kila asubuhi, iwe kuna vumbi au hakuna (na Dodoma lini halikuwepo?), dada wa nyumba anamwaga maji ya sabuni na kupiga deki kuanzia juu mpaka chini. Anayechora ngazi kwenye kitabu cha picha anafikiria mtu mwenye viatu vya soli anayepanda pakavu. Mtu huyo hakai Tanzania.

Mbao nilizijua mapema, na nilizijua kwa aibu. Mchungaji mmoja alitaka ngazi ya mbao kwa sababu alikuwa ameiona mahali akaipenda. Mninga ulikuwa ghali, akanunua mbao laini, akasema rangi itazilinda. Nikafunga, nikapaka rangi ya kahawia mara tatu, ikang'aa. Mchwa wa Dodoma, asikwambie mtu, wana adabu zao: hawagusi rangi. Walikula ndani kote wakaacha ganda la rangi limesimama vilevile, zuri, linapendeza. Mchungaji akapanda na wageni kuwaonyesha vyumba, kidato cha nne kikamlamba mguu mpaka gotini. Alisema neno ambalo si la kichungaji. Kwa hiyo mbao, kama huna za mti mgumu zilizokauka sawasawa na kupigwa dawa, acha. Na ukiziweka, zisiguse udongo hata kidogo. Ziinue juu ya kidato cha zege.

Chuma ni rahisi kuunganisha na hakiliwi na mdudu. Nilimfungia ngazi za chuma mwenye nyumba mmoja kule Chimwaga aliyepangisha wanafunzi wa chuo. Nilimwonya kwamba zitapiga kelele na jua la Oktoba litazifanya kikaango. Akasema kelele ndizo anazozitaka, ili ajue nani anaingia na nani anatoka na saa ngapi. Mwezi haukuisha, wanafunzi walishajifunza kuvua viatu na kupita peku baada ya jua kuzama, kimya kabisa. Mchana wakawa wanaruka vidato kama mbuzi kwa kuungua. Mzee yule alikuja kunilaumu mimi. Nikamwambia chuma kimefanya yote niliyomwahidi.

Niru ndiyo ya mtu wa kawaida: saruji laini juu ya zege, inalainishwa kwa mwiko mpaka inang'aa. Haina gharama kubwa, na fundi asiye na akili atailainisha mpaka kioo kione wivu. Siri yake ni hii, iandikeni kwenye ukuta wa stoo: kabla haijakauka, pitisha ufagio mgumu mara moja, kwa upole, kukata njia ya mguu. Mwenye nyumba atasema umemharibia. Mwache aseme. Atakushukuru mvua ya kwanza ikiingia.

Na terazo ndiyo niliyoipenda. Saruji, nyeupe au ya kawaida, na chembe za mawe. Unamwaga, unashindilia, unaacha ikomae kwa siku kadhaa huku ukiimwagilia, kisha unasugua kwa jiwe la msasa na maji mpaka mawe yanatokeza sura. Mzee Salimu hakununua chembe dukani kama angeweza kukwepa. Vilima vya Dodoma vimejaa mawe magumu, akawa anakwenda kwa akina mama wanaoponda kokoto na kuchagua rangi kama mtu anayechambua mchele. Ngazi zake za ujana wake bado zinakanyagwa mjini. Zimelika kidogo katikati, basi.

Mzee Salimu alifariki nikiwa nimeshakuwa fundi ninayejitegemea. Alipoanza kuugua alinipa pimamaji yake ya kupimia usawa, ya mbao, kioo chake kimezeeka lakini povu lake halijawahi kusema uongo. Sikumwazima mtu yeyote, hata mke wangu hakuruhusiwa kuipangusa. Nililia sana yule mzee alipozikwa, na sioni haya kusema.

Kisha serikali ikahamia Dodoma kwa kishindo, na mji ukafura. Viwanja vya Ihumwa, ambako zamani ulikuwa unasikia treni na mbuzi tu, vikaota maghorofa. Watumishi walikuja na simu zao mkononi, na ndani ya simu kuna picha. "Fundi, nataka hii." Hii ilikuwa daima marumaru ya kung'aa, nyeusi au nyeupe, inayomulika taa za dari mpaka unaweza kunyolea ndevu pale chini. Nikiuliza nani anapiga deki, wananiangalia kama nimeuliza mke wao anaitwa nani.

Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Maganga, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nataka mlisome vizuri.

Bwana Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa ofisini, mpole, mwenye kitambi cha kistaarabu. Alijenga ghorofa moja Ihumwa. Chini sebule, jiko na choo, vyumba vyote vya kulala juu. Chumba bora, chenye dirisha kubwa linalotazama reli, alikitenga kwa mama yake, aliyekuwa anakuja kuishi naye moja kwa moja. Mama huyo alikuwa amewahi kuvunjika nyonga akapona, ila mguu mmoja ukabaki mzito. Haya yote aliniambia mwenyewe siku ya kwanza. Hakunificha kitu.

"Basi tuweke terazo," nikasema. "Nisiing'arishe sana. Mama atapanda kwa raha."

Akatoa simu. Marumaru nyeusi, ikimeta.

"Mzee wangu, terazo ni ya mashuleni na hospitalini. Wenzangu wote ofisini wameweka hizi."

"Wenzako wana mama mwenye nyonga?"

"Mama tutamshika mkono. Fundi, kama hivi vitu vya kisasa vinakusumbua, sema tu. Kuna vijana wanaviweza."

Hapo ndipo moto uliponiwaka. Mimi? Vinanisumbua? Badala ya kukataa kazi, au kukaa chini na kumshawishi taratibu kama ambavyo Mzee Salimu angefanya, nikamwambia alete marumaru zake. Nikazipanga kwa hasira, vidato kumi na sita, na zikatoka vizuri mno. Mwezi mpevu ungeona haya. Hakukuwa na kiungo kilichopinda, hakuna kidato mwongo. Nilijipongeza kila nilipopita, na kila nilipopita nilishika ukuta.

Siku ya ibada ya kuingia nyumba walijaa watu. Viatu vilipangwa barazani mistari mitatu. Mimi nilialikwa pamoja na mke wangu, nikaja na begi langu la vifaa kwa sababu kulikuwa na kiungo kimoja cha ukuta nilitaka kukirekebisha baadaye. Neema, dada wa nyumba, alikuwa amepiga deki ngazi yote mara mbili tangu alfajiri, na sabuni hakuibania, kwa furaha ya kumpokea bibi.

Bibi Kalunde akafika. Mwanamke mrefu, mkavu, kitenge kipya, begi moja la zipu. Akasalimia wote, akaombewa, akapewa maji. Kisha mwanawe akamwambia, "Mama, twende nikuonyeshe chumba chako."

Akavua viatu kama kila mtu. Akaweka mguu mzima kwenye kidato cha kwanza, akaupeleka mbele kidogo, akaurudisha. Akaujaribu tena. Bwana Maganga akamnyooshea mkono, mama akausukuma pembeni. Akageuka, akakipa kidato mgongo, akakaa. Na mbele ya wakubwa wa ofisini, mchungaji na majirani, Bibi Kalunde akaanza kupanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume, kidato kimoja baada ya kingine, uso ametuelekezea sisi sote.

Hakuna aliyejua kama acheke au afumbe macho. Kwenye kidato cha tano akasimama, yaani akaacha kupanda.

"Fundi wa kitu hiki yuko wapi?"

Nilikuwa nje ya mlango na sahani ya pilau, natazama. Niliitwa. Nikaingia nikiwa na ukoko wa pilau mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mama. Mgogo."

Loo! Uso wa yule mama ukafunguka kama aliyeokota ng'ombe. Maana kama hamjui, Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Zamani zile wao walipita kwetu na mizigo kichwani wakienda pwani, na sisi tuliwatoza hata kwa maji ya kunywa, na kelele zile hazijaisha mpaka leo. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako na ukampa chai. Anaweza kuchukua kitu chako, na huna ruhusa ya kununa.

"Nilijua!" akapiga makofi. "Nilikanyaga nikasema huu ni mkono wa Mgogo. Mlenda wenu unaoteleza mmekula mkashiba, uliobaki mkaona msiutupe, mkampakia mwanangu kwenye ngazi!"

Hapo watu wakavunjika mbavu. Mchungaji alilazimika kukaa. Nami sheria ya utani naijua, nikajibu, "Mama, nyinyi si wapagazi? Nilidhani mtu aliyezoea mizigo hawezi kushindwa kujibeba mwenyewe."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Yeye peke yake ndiye hakucheka. Alinitazama, na nikaona macho yake yamejaa maji.

"Ndiyo hivyo, mtani," akasema polepole. "Nataka kujibeba mwenyewe. Umeninyima."

Sijui kama mmewahi kutamani sakafu ipasuke. Mimi niliitengeneza sakafu ile na nilijua haitapasuka.

Bwana Maganga akaingilia kati. "Mama, tutakuwa tunakushika. Hata kukubeba, mbona mimi nina nguvu?"

"Baba yako alibebwa siku moja tu," akamjibu, "na wote tunajua siku ile alikuwa anapelekwa wapi. Mimi nimekuja kuishi kwako. Sikuja kukaa juu kule kama gunia la karanga, nikisubiri mtu atoke kazini anishushe. Neema, mwanangu, niletee begi la huyo Mgogo."

Neema akalileta. Bibi akalifungua kwenye mapaja yake mbele za watu, akapekua, akaitoa pimamaji ya Mzee Salimu.

"Hii naikamata. Nitakurudishia siku nitakayopanda humu kwa miguu yangu, peku, baada ya deki. Nalala sebuleni kwenye godoro, na begi langu silifungui zipu. Nakupa wiki mbili. Ukishindwa, mimi narudi Tabora nayo, nikaisongee ugali."

Ningekuwa nimekamatiwa na mtu mwingine ningedai kwa nguvu. Kwa mtani, unafanyaje? Bwana Maganga naye alikuwa amefungwa mikono. Mama yake alikuwa ameshatangaza mbele ya bosi wake. Walitoka wageni wakicheka, sisi wawili tukabaki tumesimama chini ya ngazi, tumenywea.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ndogo, "hela ya marumaru nyingine sina."

"Marumaru nyingine ya nini? Hujakoma?" Nilimjibu vibaya, naye alistahili. Kisha nikakaa chini nikaitazama ile ngazi kwa mara ya kwanza bila kiburi, na nikaona tusiharibu yote. Kidato kina pande mbili: pale mguu unapokanyaga, na uso wake uliosimama, ambao vidole vya mguu vinauelekea. Uso uliosimama haukanyagwi na mtu. Na mgeni aliyeingia sebuleni akitazama juu, anauona huo tu. Nikamwambia Bwana Maganga, "Weusi wako unaometa utabaki hapo mbele, wenzako watauona. Juu, pa mama, ni pangu." Nusu ya vitu vyake ikapona. Alitaka kunikumbatia, nikamwambia asubiri.

Kesho yake nilibandua marumaru za kukanyagia kwa patasi, polepole, nisipasue za mbele. Magoti chini, kidato kwa kidato. Nikaenda kwa wanaoponda mawe nyuma ya Ihumwa, nikachagua chembe za kijivu zenye pembe kali, nikaosha vumbi lote, maana vumbi likibaki saruji haishiki jiwe, inashika vumbi. Ukingo wa mbele wa kila kidato niliuwekea chembe nyeupe, upana wa vidole vitatu, ili macho ya uzee yaone kidato kinaishia wapi. Kisha kabla haijakaza nikachora mifereji miwili myembamba kwenye ukingo ule, ya kupitisha maji ya Neema. Nikapima usawa wa kila kimoja mara tatu kwa pimamaji ya kuazima, nayo ilikuwa ya plastiki, inaniudhi mpaka leo.

Terazo haina haraka na sikuipa haraka. Ilikaa siku saba imefunikwa magunia ya maji, na familia nzima ikilala sebuleni na Bibi Kalunde kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kupita. Kila asubuhi nikija kumwagilia, ananipokea kwa maneno. "Mtani, mlenda umekauka?" Au, "Mtani, naona unapiga magoti. Endelea kusali, Mungu wako anaweza kukusikia." Nami namjibu. Tukazoeana. Akaniambia alivyovunjika: alianguka kwenye bafu la binti yake, lililowekwa marumaru ya kung'aa, akalala pale saa tatu peke yake akisikia redio ya jirani. Alinisimulia bila utani, mara moja tu. Nilifanya kazi siku ile bila kula.

Siku ya nane nikaanza kusugua. Jiwe la msasa la kukwaruza tu. Jiwe laini la kung'arisha nililiacha nyumbani makusudi, nisije nikashawishika. Nta sikupaka. Ikatoka ngazi isiyopiga picha vizuri, ambayo ukiipitishia kiganja inakushika.

Jumamosi ya mwisho ya zile wiki mbili nikamwambia Neema apige deki kama siku ile. Akamwaga sabuni kwa moyo wote mpaka povu likafunika vidato. Bwana Maganga akataka atangulie yeye. Akapanda na soksi, kwa hatua nzito, kitambi mbele, akashuka, akapanda tena na kuruka kwenye kidato cha tisa kama mtoto. Hakuteleza.

Bibi Kalunde akaondoka kwenye godoro. Akavua kandambili. Akaweka mguu mzima, akavuta ule mzito ukafuata. Kimoja. Viwili. Hakushika ukuta, hakushika mkono wa mtu. Kwenye kidato cha tisa akasimama, nasi sote chini tukasimama kupumua.

"Mnanitazama nini?" akasema bila kugeuka. "Napumzika. Kwani nyinyi hampumziki?"

Akamaliza vyote kumi na sita. Akapotea koridoni. Tukasikia dirisha linafunguliwa. Neema akabeba lile begi akampelekea, na sote tukasikia zipu. Bwana Maganga aligeukia ukutani na kufuta miwani yake, ambayo haikuwa na ukungu.

"Mgogo!" sauti ikatoka juu. "Njoo uchukue kifaa chako."

Nikapanda. Sikuwa nimepanda ngazi ile wima kwa wiki mbili, nilikuwa nimeitambaa tu. Kidato cha kwanza goti la kulia likalia, nikaguna. Cha pili la kushoto likamjibu. Nikashika ukuta. Kufika katikati nilikuwa nimeweka mikono yote miwili, na nyuma yangu hakuna aliyecheka, jambo lililoniuma zaidi. Nilipofika juu Bibi Kalunde alikuwa amesimama mwanzo wa ngazi, pimamaji mkononi, ananisubiri.

"Nimehesabu," akasema. "Vidato kumi na sita, umeguna kumi na nne. Umri wako miaka mingapi, mtani?"

Nikamtajia.

"Mimi ni mkubwa wako kwa miaka kumi na minne, na nina nyonga moja." Akanitazama magoti, kama Mzee Salimu alivyonitazama miguu. "Hebu niambie ukweli. Ngazi hii umenijengea mimi, au umejijengea wewe?"

Nilitafuta jibu la utani. Nilikuwa nayo mengi, ya wapagazi, ya karanga, ya Tabora yote. Hakunisubiri. Akaibana pimamaji kwapani, akaninyooshea mkono wa pili, na tukaanza kushuka, yeye mbele na mguu wake mzito, mimi nyuma na magoti yangu mawili ya saruji, kwenye povu la Neema.

Chini Bwana Maganga alikuwa anatutazama, mdomo wazi.

"Mama," akauliza, "hapo nani amemshika nani?"

"Mwache," Bibi Kalunde akamwambia. "Asije akauachia mkono wangu kwa aibu. Bado vidato vitatu."